Vijiti vya mishale ya mbao: rangi gani, na juu niweke nini kuzuia unyevu?

mwana_upote
Wakuu habari za wikendi. Natengeneza mishale ya mbao ya kulengea shabaha tu, sio ya kuwindia. Vijiti natoa kwenye paini ya Sao Hill, nachagua mbao yenye mistari iliyonyooka alafu naranda mpaka unene wa kama milimita 8. Sasa niko Tanga na huku unyevu ni balaa, masika ikianza kijiti unakinyoosha leo keshokutwa kimeshapinda tena. Nataka rangi iliyokolea kama mninga alafu juu kitu cha kuzuia maji. Steini (rangi inayoingia ndani ya mbao) ya maji au ya spiriti? Vanishi au mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani)? Na manyoya nabandika kabla au baada, maana nasikia gundi inagoma.

fundi_randa
Mkuu kabla ya rangi yoyote kague ufa kwanza, shika kijiti huku na huku ukikunje taratibu pande zote, ukisikia mlio au ukiona nyuzi za mbao zinachomoka pembeni kitupe, usikionee huruma. Mshale ukivunjika pale unapouachia unaweza kukutoboa mkono, na rangi ikishakolea ufa mdogo huuoni tena.

Steini ya maji inasimamisha vinyweleo vya mbao, so ukiitaka hiyo lowanisha kijiti kidogo na kitambaa, kikauke, piga msasa namba 320 kwa mkono mwepesi ndo upake. Ya spiriti haina hiyo shida sana ila inakauka haraka mno, ukisitasita inaacha mabaka, pitisha kitambaa mara moja toka mwanzo hadi mwisho kufuata urefu. Alafu paini ina tabia yake, sehemu laini inakunywa rangi kuliko sehemu ngumu, inatoka madoadoa. Tuliza kwanza na sanding sila (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya rangi) uliyoichanganya thina nyingi, iwe nyepesi kabisa, ikikauka piga msasa kidogo ndo rangi.

Kuziba mimi ni vanishi. Tena usipake kwa brashi, chukua paipu ya PVC ndefu kuliko kijiti, ziba chini, jaza vanishi nyepesi, chovya alafu toa polepole huku unafuta ya ziada. Mikono miwili mitatu inatosha, kila mkono ukauke kabisa na katikati pitisha msasa 400. Usinenepeshe, vanishi inaongeza uzito na mishale ya seti moja ikipishana uzito haitui sehemu moja.

Bi Manyoya
Naongezea hapo kwenye gundi maana ndo kazi yangu. Manyoya yanakuja BAADA ya vanishi, pale yatakapokaa unakwaruza kidogo na msasa kuondoa mng'ao, unafuta vumbi, unabandika. Ila jaribu kwanza kwenye kipande, kuna gundi zinayeyusha vanishi inakuwa kama ute. Na kama umepaka mafuta ya linsidi gundi haishiki vizuri, wanaopenda mafuta waache nafasi ya manyoya kavu, kadhalika ncha inapoingia kigumba, yaani kile kichwa cha chuma cha mshale. Ukishabandika kigumba ziba ule mpaka wa chuma na mbao, na kule nyuma unapokaa upote (kamba ya upinde) usikusahau, maji yanapenda kuingia kwenye ncha za mbao zaidi ya ubavuni.

mkole_asili
Mie naona paini mnaihangaikia sana. Wahadzabe kule Ziwa Eyasi wanatumia vijiti vya mti wa mkole vilivyoota vyenyewe, wanamenya gamba, wanapasha kwenye moto na kunyoosha kwa meno. Nyuzi zinakwenda kijiti kizima hazijakatwa na msumeno ndo maana ni imara, na kikipinda unakirudisha motoni.

Kama unapenda rangi isiyo ya dukani, paka chai ya rangi kali sana, iache ikauke, alafu pitisha siki uliyolowekea stiliwaya ile inayoshika kutu. Mbao inageuka kijivu mpaka nyeusi mbele ya macho yako. Mninga hupati kwa njia hii, unapata kama mpingo, mie naipenda zaidi.

fundi_randa
@mkole_asili nakubali kwa mkole, ila ye ana paini tayari. Na mkuu ukiamua linsidi, vitambaa ulivyofutia usivikunje na kuvitupa kwenye kona, vinajipasha joto vyenyewe mpaka vinawaka moto. Vitandaze nje vikauke au loweka kwenye maji.

mwana_upote
Shukrani sana wakuu, na Bi Manyoya hasa. Naenda na spiriti na vanishi, chai nitajaribu kwenye vipande. La mwisho, kukausha navilaza au naning'iniza?

Bi Manyoya
Ning'iniza wima mwanangu, bana kichwani na kibanio cha nguo, chini weka gazeti la kupokea matone. Ukivilaza juu ya misumari miwili vinabonyea katikati na vanishi inaganda upande mmoja. Na usivianike juani, kivulini penye upepo.