Mjadala: Mwanafunzi anapimwa afya ya akili. Chuo kinapimwa na nani?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Nimekuwa nikisoma tafiti za ustawi wa wanachuo na wahadhiri wao, na nina hoja ambayo najua wengine mtaipinga.

Tafiti nyingi zinafuata njia moja. Mwanafunzi anapewa dodoso la kupima dalili za sonona, PHQ-9, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kujiona umeshindwa maisha. Majibu yanajumlishwa, inatoka asilimia, na ukurasa wa mwisho unapendekeza ushauri nasaha uimarishwe. Imeisha hiyo.

Dodoso lenyewe si baya, linatumika tangu 2001 na kwa Kiswahili lipo. Ila wiki mbili zipi? Ukiligawa wakati wa UE (mitihani ya mwisho wa muhula), mwenzako akaligawa bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likiwa limeingia jana, mtaleta ripoti za vyuo viwili tofauti kabisa. Tarehe ya bumu ilipaswa kuandikwa kwenye kila ripoti ya namna hii.

Hata zile kubwa tuzinukuu kwa adabu. Utafiti wa mpango wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliotoka 2018 uligusa vyuo 19 katika nchi 8, wanafunzi karibu 14,000 wa mwaka wa kwanza, na 35% walionesha dalili za angalau tatizo moja la akili katika maisha yao. Kwa Afrika ilikuwemo Afrika Kusini peke yake. Asilimia hiyo huwezi kuihamishia Dodoma kama ilivyo.

Sasa mhadhiri. Yeye anapimwa uchovu wa kazi kwa kipimo cha Maslach, dodoso la uchovu huo la mwaka 1981, na mwaka 2019 WHO iliuweka uchovu huo kwenye mambo ya kazini, ikasema si ugonjwa. Kwa hiyo mhadhiri akichoka tunaikagua kazi yake, na mwanafunzi akichoka tunamkagua yeye. Na wote wametoka ukumbi mmoja! Mimi nasema wapimwe pamoja, idara moja, wiki moja, na kando ya majibu yao ziwekwe hesabu za chuo: vitanda vingapi, mhadhiri mmoja ana wanafunzi wangapi, matokeo yalichelewa siku ngapi. Nawasilisha.

Mzee wa zamani

Vijana mnadeka. Sisi miaka ya themanini tulisoma kwa shida na hakuna aliyetugawia dodoso.

Mleta mada

Shikamoo mzee. Miaka hiyo serikali ilikulipia chakula na malazi, ukamaliza hudaiwi. Bodi ya mikopo ilianza kazi 2005, na marekebisho ya sheria ya 2016 yakapandisha makato ya mnufaika hadi 15% ya mshahara. Huyu wa leo anaingia kwenye mtihani akiwa na deni tayari. Fedha ya chakula na malazi ilipandishwa 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Ukitoa kodi ya chumba cha mtaani, piga hesabu ya sahani tatu.

Mzee wa zamani

Marahaba. Hilo la deni nakupa. La kudeka nabaki nalo.

Mhadhiri msaidizi

Nakuunga mkono nusu, mkuu. Mwanafunzi aliyepata sapu (mtihani wa kurudia) hamfuati mshauri nasaha, anagonga mlango wangu, na anaugonga siku ambayo nina rundo la karatasi za kusahihisha hadi kwenye kiti cha mgeni. Mimi ndiye mshauri wake wa kwanza na sijawahi kufundishwa kazi hiyo. Nikimsikiliza saa nzima, saa hiyo haimo kwenye fomu yoyote ya kupanda cheo. Kinachohesabiwa ni machapisho.

Lakini unawaonea watafiti. Dodoso linatumika kwa sababu ni rahisi mfukoni. Mtu wa shahada ya uzamili ana muhula mmoja na hana mfadhili. Kuwafuata wanafunzi walewale miaka mitatu, nani analipia?

Mwaka wa pili

Naomba niseme kitu kuhusu lile swali la tisa la PHQ-9, linalouliza kama katika wiki hizo mbili umefikiria ni heri ufe au ujidhuru. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, bado inasema kujaribu kujiua ni kosa. Najua kuwaza si kujaribu. Ila anayejaza fomu iliyoletwa na mtu wa chuo hatofautishi hivyo, anaandika "hapana kabisa" na kuendelea. Kenya Mahakama Kuu ilikitangua kifungu chao Januari 2025. Kwetu asilimia za swali hilo mimi siziamini, naona ziko chini ya ukweli.

Halafu kubebana hosteli hakumo kwenye dodoso lolote nililowahi kujaza. Wawili kitanda cha mmoja, kisha unaniuliza usingizi umepungua?

Mshauri nasaha

Mleta mada unaandika kana kwamba ushauri nasaha ni kisingizio cha wakubwa. Anayekuja kwangu leo usiku hawezi kusubiri hosteli ijengwe wala sheria ibadilishwe. Wengine wana msiba nyumbani, wengine wameachwa, wengine wanaumwa kweli na wanahitaji dawa. Hesabu zako za vitanda hazitawaona hao. Dodoso, pamoja na ubovu wake wote, linawaona baadhi.

Mleta mada

Hapo umenibana, dada. Kwa hao dodoso libaki. Ninachokataa ni kutumia majibu yao kama ripoti ya chuo kizima.

Mhadhiri msaidizi

Sawa, tuseme tumekubaliana. Kibali cha kuingia idarani na kuhesabu karatasi kwa kila mhadhiri, pamoja na siku ambazo matokeo yamechelewa, utakiomba kwa uongozi wa chuo hichohicho. Nani kati yetu anapeleka barua?