Mjadala: Wanormani walilirekebisha kanisa la Uingereza, au walilitwaa?

Mleta mada: Wakuu, kila kitabu kinatuambia kwamba baada ya 1066, Mfalme William wa Normandia alipoiteka Uingereza, Wanormani wake "walirekebisha" kanisa la nchi hiyo. Tulipime neno hilo. Ni marekebisho kweli, au ni unyang'anyi uliovikwa joho?

Tarazo: Marekebisho, tena ya haja. Stigand alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury na papo hapo askofu wa Winchester. Paliamu yake, kitambaa cha mabegani cha askofu mkuu, alipewa 1058 na Benedikto X, papa aliyekuja kutangazwa batili. Mwaka 1070 wajumbe wa Roma walimvua cheo, akaingia Lanfranc, mzaliwa wa Pavia, Italia, aliyekuwa abati (mkuu wa monasteri) kule Caen, Normandia. Baraza la London la 1075 likahamisha viti vya maaskofu kutoka sehemu ndogo kwenda mijini: Sherborne kwenda Salisbury, Selsey kwenda Chichester, Lichfield kwenda Chester. Kesi za kiroho nazo mfalme akaziondoa kwenye mabaraza ya wilaya, akamkabidhi askofu.

Kisimamleo: Mkuu, Stigand mmoja si kanisa zima. Karne moja kabla, maaskofu wa Kiingereza Dunstan na Æthelwold walikwisha kuzirudisha monasteri kwenye Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, yaani taratibu za maisha ya watawa. Alipokufa William mwaka 1087, askofu mzaliwa wa Uingereza aliyebaki alikuwa mmoja tu, Wulfstan wa Worcester. Hao wengine wote walikosa sifa?

Tuje kwenye ardhi, ndiko kwenye kiini. Mfalme alizitwisha monasteri kubwa mzigo wa askari wa farasi. Peterborough ilitakiwa kutoa 60, Ramsey wanne tu, ingawa nayo ilikuwa tajiri. Abati asiyetaka kuwalisha askari ukumbini mwake aliwagawia mashamba; mashamba yale yakawa urithi wa watoto wao, na monasteri haikuyapata tena. Marekebisho gani hayo?

Na Glastonbury, 1083: Abati Thurstan, naye wa kutoka Caen, aliwalazimisha watawa waache namna yao ya kuimba. Walipogoma, askari wake wakaingia kanisani na kurusha mishale. Kumbukumbu za Kiingereza za wakati huo zinataja watawa watatu waliouawa na 18 waliojeruhiwa.

Bawabu: Thurstan alirudishwa Normandia kwa aibu, lakini William Rufus, mfalme aliyemfuata William, akamrejeshea cheo baada ya kulipwa fedha. Hoja ya Kisimamleo inasimama.

Ila kaskazini msiisahau. Huko monasteri za kale zilikuwa zimekufa hadi Aldwin, mtawa wa Winchcombe, alipokwenda na wenzake wawili kuhuisha ile ya Jarrow. Mmoja wao, Reinfrid, alikuwa askari wa Kinormani. Mwaka 1083 askofu William wa St Calais aliwachukua watawa 23 wa Jarrow na Wearmouth akawaweka kwenye kanisa kuu la Durham. Makasisi wa kanisa kuu lile, wenye wake na watoto, waliambiwa wachague utawa au waondoke. Aliyekubali ni mmoja tu. Mwanzo wa kazi ile ni wa Mwingereza, nguvu ya kuikamilisha ni ya Mnormani.

Tarazo: Someni pia taratibu alizowaandikia Lanfranc watawa wa Canterbury. Jumatatu baada ya Jumapili ya kwanza ya Kwaresima vitabu vinatandazwa juu ya zulia. Kila mtawa anarudisha alichoazimwa mwaka uliopita. Ambaye hakukimaliza anajitupa kifudifudi, anakiri na kuomba msamaha. Anayetaka ardhi tu hajisumbui na hayo.

Kisimamleo: Kwa watawa, sawa. Je, padri wa kijijini? Baraza la Winchester la 1076 liliwakataza kanoni, yaani makasisi wa makanisa makuu, wasiwe na wake, lakini mapadri wa vijijini waliokwisha kuoa wakaachwa nao. Marufuku ikawa kwa wasiooa na kwa watakaopewa daraja ya upadri baadaye. Amri kali kwa mapadri wote ilikuja 1102, chini ya Anselm, aliyemrithi Lanfranc, na hata hiyo ilipuuzwa sana. Pale ambapo hapakuwa na shamba la kugawa, mwendo wa Wanormani ulikuwa wa kinyonga.

Bawabu: Au Lanfranc alijua kuwa akiwafukuza wote, Jumapili hakuna misa.