Tamati ya Naruto: usome manga, utazame vipindi vyote, au uruke vya kujazia?

Ngalawa (mleta mada)

Wakuu salaam. Naomba tuirudie mada hii maadamu jazba zimeshapoa. Manga (vibonzo vya Kijapani) ya Naruto, hadithi ya kijana ninja iliyoandikwa na Kishimoto, ilifungwa Novemba 2014 kwa sura ya 700, na Shippuden, sehemu ya pili ya anime (katuni ya televisheni) yake, ikafunga Machi 2017 kwa kipindi cha 500. Mpaka leo ukiigusa Vita Kuu ya Nne ya Ninja kijiweni, watu wanagawanyika pande mbili na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Huyu anasema ndicho kilele cha hadithi nzima, yule anasema Kishimoto aliiharibu kazi yake kwa mkono wake siku aliyomleta Kaguya, adui wa mwisho wa vita.

Mimi nasema wengi wetu hatukuihukumu hadithi, tulikihukumu kile kipindi cha kusubiri. Vita ile kwenye manga ni kama sura 180 na ushee. Kwenye anime ni zaidi ya vipindi 200, na humo mmechomekwa mambo ambayo Kishimoto hakuyaandika kwenye manga, ndivyo tunavyoviita vipindi vya kujazia. Mtu anayefuatilia kila wiki anamwona Madara, adui mkuu wa vita, akiwasha Tsukuyomi Isiyo na Mwisho, ile mbinu ya kuwalaza watu wote ndotoni, dunia nzima inafungwa kwenye vifuko vya mti, damu imeshapanda kichwani, halafu kuanzia kipindi cha 427 mpaka 457 anaoneshwa ndoto za watu, kitabu cha Jiraiya, mwalimu wa Naruto, na historia ya Itachi, kaka yake Sasuke. Hiyo ni zaidi ya miezi sita. Kaguya anapoanza kupigana, mtazamaji ameshachoka na ameshanuna. Lawama yote ikamwangukia yeye.

Nimeisoma vita yote upya kwenye manga na nimeitazama kwenye anime, na mdogo wangu nikampitisha njia ya kuruka vipindi vya kujazia. Chaguo langu ni manga, tena kwa mbali. Angalia pale Madara anapoangusha kimondo juu ya jeshi la muungano. Onoki, mzee wa watu na mgongo wake mbovu, anapaa kwenda kukizuia, Gaara anamsaidia kwa mchanga, mwamba unasimama. Askari hawajamaliza kupumua, Madara anamuuliza Onoki atafanyaje na cha pili. Kwenye manga mambo hayo yanapita kwa kasi inayotakiwa: unafunua ukurasa na matumaini yako yanakufa. Kwenye anime, kabla hujamfikia huyo Madara, umepitishwa 303 hadi 320, vyote vya kujazia.

Nyie mnamshauri njia ipi mtu anayetaka kuipa tamati hii nafasi ya pili?

Kunai_Nyeusi

Mleta mada, nakuheshimu, ila kasi haitibu kidonda chenyewe. Mimi niliisoma manga tu, sikusubiri ndoto ya mtu yeyote, na bado inaniuma.

Rudi kwenye mitihani ya chunin (cheo cha kati cha ninja), Naruto na Neji. Neji kazaliwa tawi la chini la ukoo wa Hyuga, kapigwa chapa kwenye paji la uso, anaamini kwamba mtu alivyozaliwa ndivyo atakavyokufa. Naruto anamwambia kuwa yeye alifeli mtihani wa shule mara tatu, tena kwa jutsu (mbinu ya ninja) ya kujigawa, ambayo ndiyo alikuwa hoi nayo kuliko zote. Kisha anamuahidi kwamba akiwa Hokage, yaani mkuu wa kijiji, ataubadilisha ukoo wa Hyuga. Mimi nilimpenda Naruto hapo hapo, na nadhani wengi wenu pia.

Sasa nenda kwenye vita. Mikia Kumi, yule mnyama wa kutisha, anarusha miti iliyochongoka, Hinata, binamu yake Neji, anasimama mbele ya Naruto, Neji anasimama mbele ya wote wawili. Anaanguka begani kwa Naruto. Kitambaa kinamtoka, na ile chapa inafutika taratibu kwa sababu ilitengenezwa ifutike mwenye nayo akifa. Huo ndio uhuru aliopewa. Haipiti muda, Hagoromo, mhenga wa kale wa ninja, anatokea kumwambia Naruto kwamba yeye ndiye mwanawe Ashura aliyezaliwa upya, na Sasuke, rafiki na hasimu wa Naruto, ni mwanawe mwingine, Indra. Ina maana yule mtoto wa chunin aliyesema mambo yote yameandikwa tangu kuzaliwa alikuwa sahihi, na ameshakufa asiweze hata kulisikia hilo!

Na ahadi ya Hyuga? Kwenye sura ya mwisho tunaoneshwa Hinata na binti yake Himawari wakipeleka maua kaburini kwa Neji, basi. Naruto ni Hokage. Chapa ya Hyuga haitajwi.

Kaguya mimi simlaumu sana. Watu wanampigia yeye kelele kwa sababu anaonekana kwa urahisi. Nguzo ilikuwa imeshakatwa kabla yake.

Ngalawa

Mkuu Kunai, hoja ya Neji ni nzito na sitaikwepa. Ila soma vizuri habari ya huyo Ashura. Indra ndiye aliyezaliwa na kipaji. Ashura alikuwa hajui kitu, alifika alipofika kwa kuhangaika na kwa kusaidiwa na wenzake. Kwa hiyo hata hiyo roho aliyorithi Naruto ni roho ya mtu asiye na kipaji.

Halafu mbona hukumtaja Guy, yule ninja wa ngumi na mateke? Vita hiyo hiyo unayosema imeua maana ya juhudi ndiyo iliyotupa Guy akifungua lango la nane, nguvu ya mwisho ya mwili. Na kabla hajalifungua tunarudishwa kwa baba yake, Duy, genin (cheo cha chini kabisa) maisha yake yote, mtu aliyechekwa na kijiji kizima, aliyekufa akiwazuia wale wapiganaji Panga Saba wa Kirigakure ili mwanawe akimbie. Mtoto wa mtu huyo, asiye na ukoo wa maana, asiye na macho ya ajabu, anampiga Madara mpaka Madara mwenyewe anakiri hajapata kupigana na mtu aliyemzidi Guy kwa mikono na miguu. Kama Kishimoto angekuwa ameitupa ile hoja ya chunin, asingeandika sura zile.

Kunai_Nyeusi

Guy nampa heshima zote. Lakini Guy hakushinda. Madara akasimama tena, na waliokuja kumaliza kazi ni wale wawili waliopewa nguvu na Hagoromo, huyu alama ya jua kiganjani, yule ya mwezi. Juhudi ilipigiwa makofi, ushindi ukaenda kwa warithi.

Mwanahawa_T

Kaka zangu, mnabishana vizuri, ila wote wawili mnaongea kama vile anime ni manga iliyocheleweshwa tu. Mimi natetea njia ya vipindi vyote, au walau karibu vyote, na sababu zangu ninazo.

Ya kwanza ni Kaguya mwenyewe. Kwenye manga Kaguya ni maelezo. Hagoromo anasimulia kwamba mama yake alikula tunda la Mti wa Kimungu, akapata nguvu, akageuka mbaya. Kurasa chache tumemaliza. Kisha anatokea, anawahamisha kina Naruto kutoka dunia ya moto kwenda ya barafu, kwenda ya mchanga, anaongea kidogo sana, anafungiwa. Hana uso. Anime ikaona hilo pengo ikaliziba: 460 na 461 zinamwonesha Kaguya alivyoshuka, alivyopendana na mtawala Tenji, alivyomlilia amani, na jinsi Tenji alivyotoa amri akamatwe kwa kuogopa vita na nchi jirani. Msichana aliyekuwa akimtumikia anakufa wakiwa mbioni. Ndipo anapokula tunda. Ukishayaona hayo, yule anayepigana na Naruto ni mtu aliyesalitiwa, unamwelewa hata kama humpendi. Wanaosema ni adui aliyeokotwa njiani, wengi wao wameviruka vipindi hivyo kwa sababu kwenye orodha vimeandikwa "vya kujazia".

Ya pili ni 476 na 477, Naruto na Sasuke kwenye Bonde la Mwisho. Jamani. Nguvu za miungu zimewaishia, wamebaki wanarushiana ngumi kama watoto, kila ngumi nzito kuliko iliyotangulia, wanayumba, wanashikana wasianguke. Manga imelichora vizuri, sikatai, lakini uzito wa miili ile iliyochoka nimeuona kwenye anime.

Na hapo namjibu kaka Kunai. Umesema ushindi ulikwenda kwa warithi kwa sababu ya alama za viganjani. Naruto alipewa ya jua mkono wa kulia. Sasuke alipewa ya mwezi mkono wa kushoto. Sasa kumbuka pambano lile lilivyoisha: Naruto amepoteza mkono gani? Wa kulia. Sasuke? Wa kushoto. Mikono ile ile! Kila walichokabidhiwa kwa sababu ya kuzaliwa kwao kilikatika pale, na Sasuke anakubali kushindwa akiwa amelala chini, hana kitu, kando ya mtu aliyekataa kumwacha. Kwangu hiyo ndiyo tamati ya Naruto. Yote yaliyotangulia, pamoja na Kaguya, yalikuwa njia ya kuwafikisha hao wawili pale chini wakiwa hawana cha kuringia.

Jabali77

Dada umemaliza kila kitu. Mimi naongeza Kakashi, mwalimu wa Naruto, tu, 349 hadi 361. Ni vya kujazia lakini vinakuja baada ya kinyago cha Tobi kuvunjika na kujulikana kuwa ni Obito, mwenzake Kakashi wa utotoni, na vinaonesha Kakashi alivyoishi ndani ya Anbu, kikosi cha siri, baada ya kifo cha Rin, mwenzao. Bila hivyo huwezi kuelewa kwa nini mkono wake ni mzito anapopigana na Obito.

kijana_wa_boruto

Shikamooni wakubwa. Mimi nilianza na Boruto, hadithi ya mwana wa Naruto, ndiyo nikarudi nyuma kwa Shippuden, kwa hiyo ukoo wa Otsutsuki, wa kina Kaguya, nilikuwa naujua kabla sijamjua Madara. Alipotokea Kaguya sikushtuka hata kidogo, nilikuwa namsubiri. Kilichonishangaza ni Madara kuchomwa kwa nyuma na Zetsu Mweusi, kiumbe wa Kaguya, nikasema haiwezekani, mtu mkubwa hivi. Kwangu kosa liko hapo. Vita yote imejengwa juu ya Madara, na Naruto hakupata nafasi ya kumjibu. Obito alijibiwa, Nagato alijibiwa, Sasuke alijibiwa. Madara akafa akiongea na Hashirama, rafiki yake wa zamani, tu.

Ngalawa

Marahaba. Hapo kwa Madara umegusa penyewe, na njia zote tatu haziwezi kupaponya.

Ila mazungumzo yake na Hashirama mimi nayathamini. Yanakuja baada ya ile simulizi ndefu ya utoto wao, wanarusha mawe mtoni wasijuane majina ya koo. Anakufa akiongea na mtu wa kwanza aliyeota naye kijiji. Kumjibu Madara haikuwa kazi ya Naruto. Najua wengi hamtakubali.

Kunai_Nyeusi

Hilo la mikono, dada Mwanahawa, nalipokea kwa mikono miwili. Ni usomaji mzuri na umenifanya nifungue sura za mwisho tena usiku huu. La Neji bado nalidai. Mikono ya Naruto na Sasuke kukatika hakumfikii Hyuga hata mmoja wa tawi la chini.

Mwanahawa_T

La Neji nakuunga mkono asilimia zote. Lile ni deni, na Kishimoto hakulilipa.

Fundi_Saa

Nimesoma uzi wote. Kuna mtu hapa pembeni yangu anataka kuanza leo na bando lake si kubwa, kwa hiyo nawawekea njia iliyochanganywa, mnisahihishe panapostahili.

Anaanza vita kwenye anime 261. Anaruka 284 hadi 295 na 303 hadi 320, anatua moja kwa moja kwenye 321 na 322, Madara. Pambano la Itachi na Sasuke dhidi ya Kabuto haliguswi, linatazamwa lote. Kakashi 349 hadi 361 vinatazamwa, nakubaliana na Jabali. 376 na 377 virukwe. Mitihani ya chunin ya 394 hadi 413 irukwe, isipokuwa kwa anayempenda sana Gaara. 419 na 420, Guy na baba yake, vitazamwe bila kusimamisha.

Akifika 426 aache, aruke mpaka 459. Hapa ndipo natofautiana na orodha nyingi: 460 na 461 asiruke. Ila 464 hadi 468, za Indra na Ashura, avitazame baada ya 479, kwa sababu pale vilipowekwa vinakata pambano la Kaguya katikati. Historia ya Itachi, 451 hadi 458, nayo aibakize mpaka mwisho.

Manga aishike kwa sehemu mbili: vimondo vya Madara na sura ya 614, ya Neji. Zinachukua muda mfupi tu na zinapendeza zaidi kwenye karatasi.

Ngalawa

Fundi, umefanya kazi. Nakubaliana nayo isipokuwa jambo moja: simulizi ya Hashirama na Madara asiitazame tu, aisome pia. Sura ya 621 hadi 626. Yale mawe ya mtoni yamechorwa kwa utulivu ambao anime haikuufikia.

Kunai_Nyeusi

Na akimaliza aje hapa aseme, kabla hajasoma maoni ya mtu mwingine, ni nani alimuuma zaidi: Madara, Kaguya au Neji.