Yule mwenye funguo pale kanisa la matofali, leo kanivua nguo mchana kweupe

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi mikono bado inatetemeka, jina sitaji maana mnamjua, yule anayetembea kama jengo kajenga yeye na babu yake. Kanisa lenyewe siku hizi ni ukumbi wa sanaa, nimeubuku wiki tatu kabla, nikapanda pale palipokuwa madhabahu kusoma shairi langu, niko ubeti wa pili tu, jamaa kazima maiki. KAZIMA. Halafu mbele za watu anauliza, "Kwani wewe ni msanii?" Na dari lile mnajua lilivyo juu, matofali matupu kila upande, sauti haina pa kwenda, basi swali likazunguka, msanii... sanii... nii... yaani nimetukanwa mara moja nikasikia mara nne!! Watu wa mabenchi ya nyuma shairi hawakulipata hata neno, ila tusi lile wamelipata lote. Eti wapiga ngoma wanasubiri. Ngoma, humo, ambamo ukikohoa leo mwangwi unaupokea kesho! Msanii... sanii... nii... jamani.

tofali_bichi: Pole mkuu. Ila swali ulijibu?

Mleta uzi: Nilikuwa nasubiri liishe.

sauti_ya_pili: 😂😂 hata jengo lilitaka kujua

ngozi_kavu: Wapiga ngoma ndio sisi. Huo ubeti wa pili ulikuwa na dakika kumi na mbili, tuseme ukweli.

mkono_wa_rangi: Nyie mnalia na maiki, mimi nalia na ukuta. Huyo huyo kapaka rangi ya mafuta juu ya matofali ya zamani, nyufa kaziba kwa saruji. Ukuta ule ni wa chokaa, unapumua, ukiuziba unyevu unatokea kwenye tofali lenyewe ndo maana linabanduka kama ngozi. Picha zangu tatu zimeota ukungu.

tofali_bichi: Chokaa inachelewa kushika bana, nani ana muda huo

mkono_wa_rangi: Saruji ngumu kuliko tofali, ukuta ukicheza kidogo kinachopasuka ni nini? Usinipandishe presha.

Mleta uzi: Wakuu, tulikuwa kwenye maiki yangu

pazia_fupi: Na kile kibanda cha maungamo kapeleka wapi? Sisi wa maigizo ndimo tulimokuwa tunabadilishia nguo, saa hizi tunabadilisha nyuma ya mimbari kila mtu anaona

ngozi_kavu: Kipo chini ya ngazi za mnara. Nenda na tochi, kuna popo.