Mzinga hauna malkia, nataka kuunganisha na mwingine. Naombeni ushauri kabla alizeti hazijachanua

Mfugaji wa Ikungi
Habari za jioni wakuu. Nina mizinga sita ya viunzi (vijiti vya mbao ambako nyuki huning'iniza masega), nimeitundika kwenye migunga huku Ikungi, Singida. Wiki tano zilizopita waya wa mzinga namba 3 ulikatika usiku, mzinga ukabwagika chini na masega manne yakavunjika. Nikatoa yaliyovunjika, nikaurudisha juu, nikajua yameisha. Jana nimeufungua: nyuki wapo kwenye viunzi saba hivi, wakali kupita kawaida, wananguruma mfululizo na hata moshi hauwatulizi. Malkia sijamwona, majana (watoto wa nyuki) ya kueleweka hakuna.

Namba 5 ina malkia anayetaga vizuri ila kundi ni dogo, viunzi vitano tu. Nimewaza kuwaunganisha nipate kundi moja lenye nguvu kabla alizeti za majirani hazijachanua. Nifanyeje wasiuane? Nasikia kuna njia ya gazeti, lakini mizinga yangu si ya masanduku ya kupandanisha.

Chipukizi wa Asali
Mkuu, kwa nini uunganishe? Chukua kiunzi kimoja chenye mayai kutoka namba 5 uwape, watajitengenezea malkia wao. Mimi nilifanya hivyo Kondoa mwaka jana na mzinga uko vizuri hadi leo.

Bi Nta
Chipukizi hajakosea, ila tuhesabu siku. Toka yai mpaka malkia atoke ni siku 16. Anakaa kama wiki ndipo aruke kwenda kupandwa, kisha siku kadhaa ndipo aanze kutaga. Kibarua (nyuki mtenda kazi) wa kwanza atatoka siku 21 baada ya hapo, na hatoki kutafuta chakula nje mpaka afikishe wiki mbili tatu. Alizeti zitakuwa zimeshavunwa, kaka.

Kiunzi cha mayai kifanye kipimo. Kama kweli hawana malkia, baada ya siku mbili tatu utaona wameanza kujenga seli ya malkia, inaning'inia kama karanga isiyomenywa. Wasipojenga, inawezekana humo ndani kuna malkia bikira ambaye hajaanza kutaga. Ukiunganisha bila kujua, huyo bikira anaweza kukuulia malkia wako mzuri.

Mzee wa Manzuki
Kijana, unaposema "majana ya kueleweka hakuna" una maana gani? Fungua tena. Simama jua likiwa mgongoni ili mwanga uingie mpaka chini ya vitundu. Kuna mayai? Mangapi kwenye kitundu kimoja? Yamekaa wapi? Usiunganishe chochote kabla hujanijibu.

Mfugaji wa Ikungi
Shikamoo mzee. Nimetoka huko sasa hivi. Mayai yapo! Vitundu vingine vina mawili, vingine hadi manne, na mengi yamegandia ukutani badala ya kukaa chini katikati. Kuna eneo kama kiganja lenye majana yaliyofunikwa, lakini vifuniko vimevimba kama vichwa vya risasi. Nimefumua kimoja kwa mwiba, ndani kuna dume, mwili mweupe na macho yameanza kuwa ya zambarau.

Mzee wa Manzuki
Marahaba. Basi hao ni vibarua wanaotaga. Kundi likikosa malkia na likaishiwa majana machanga, baadhi ya vibarua huanza kutaga. Hawajapandwa, kwa hiyo kinachotoka ni madume matupu. Mkia wa kibarua ni mfupi, haufiki chini ya kitundu, ndiyo maana mayai yamebaki ukutani.

Usiwaunganishe na namba 5. Viunzi saba vya nyuki waliokwisha kujiona wana malkia dhidi ya viunzi vitano: watamzonga yule malkia mpaka afe, na utabaki na makundi mawili yaliyokufa badala ya moja. Hata kiunzi kimoja cha mayai mara nyingi hakiwafanyi hao wajenge seli.

Una mzinga wowote wenye nguvu?

Mfugaji wa Ikungi
Namba 1, mzee. Viunzi 16 vimejaa kati ya 28.

Mzee wa Manzuki
Huo ndio wa kuwapeleka. Masega yenye majana ya madume usiyahamishe, yayeyushe upate nta. Mchana sukuma viunzi vya namba 1 vyote upande wa mlango. Kata gazeti kwa umbo la ndani ya mzinga, libandike kwa nta nyuma ya kiunzi cha mwisho lisiache mwanya pembeni, ulitoboe matundu machache kwa mwiba. Jioni kiza kikianza kuingia, nyuki wote wakiwa wamerudi, hamisha viunzi vya namba 3 pamoja na nyuki wake upande wa pili wa gazeti, ufunike. Watalitafuna siku mbili tatu. Wakikutana watakuwa wameshazoeana harufu.

Baada ya wiki moja, toa namba 1 viunzi viwili vya majana ya vibarua yaliyofunikwa, kung'uta nyuki wote na hakikisha malkia hayupo hapo, umpe namba 5. Atapata nguvu bila ugomvi wowote.

Bi Nta
Naongeza mambo mawili maana yalinigharimu. Upande wa nyuma ya gazeti hauna mlango, na joto la Singida unalijua. Acha tundu la hewa ulizibe kwa wavu wa waya, la sivyo masega yatalainika na kudondoka. Pili, mzinga mtupu wa namba 3 uondoe kabisa pale ulipokuwa. Ukiubakiza, watakaorudi kwa mazoea watajikusanya humo.

Chipukizi wa Asali
Nimejifunza. Kumbe wangu niliwapa mayai wiki ya kwanza tu, vibarua hawajaanza kutaga.

Mfugaji wa Ikungi
Wakuu, nimerudi na majibu. Nilifanya Jumamosi. Asubuhi ya Jumatatu nilikuta vipande vya gazeti mlangoni mwa namba 1, nyuki wawili wawili wanaviburuta nje, na maiti hazikuzidi ishirini chini ya mzinga. Kwenye mgunga wa namba 3 kulibaki kishada kidogo cha nyuki kwenye waya, Jumanne hakikuwepo.

Jana, siku ya nane, nimefungua. Gazeti limebaki pindo tu juu. Nimetazama masega matatu ya katikati jua likiwa mgongoni: yai moja moja, limesimama chini katikati ya kitundu. Namba 5 nimeshampa viunzi viwili. Mzee, Bi Nta, asanteni sana.

Mzee wa Manzuki
Vizuri. Sasa badilisha waya za mizinga yote sita.