Hadithi za mtu kudhaniwa mwingine: zinapinga matabaka au zinayalinda?

Mtoa mada: Wakuu, kila mara nasikia eti zile hadithi za zamani, maskini anadhaniwa tajiri na tajiri anadhaniwa maskini, zilikuwa za kimapinduzi. Nakataa, nyingi ni danganya toto. Chukua The Prince and the Pauper ya Mark Twain, 1881. Tom Canty, mtoto wa uswazi kabisa kule London, anabadilishana nguo na Edward mtoto wa mfalme, basi nguo tu zinatosha, ikulu nzima inampigia magoti na yeye anachukua muhuri mkuu wa serikali anavunjia karanga (hapo nilicheka sana), ila mwishoni Edward anarudishiwa kiti chake na Tom anapewa kacheo ka kumfuta machozi. Sasa kimebadilika nini?

Mchangiaji: Kaka unamwonea mzee wa watu. Edward amekula msoto mtaani, ameona watu wanavyochomwa moto kwa sheria za nchi yake mwenyewe, ndo maana anakuja kutawala kwa huruma. Kitabu cha watoto kile, ulitaka Tom apindue serikali?

Mtoa mada: Huruma ya mfalme si haki dada yangu, akiamka vibaya anaifuta. Na Twain huyohuyo alikuja kuandika kitu kikali zaidi, Pudd'nhead Wilson, 1894. Roxy ni mtumwa kule Missouri, damu yake ya Kiafrika ni moja ya kumi na sita, ukimwona unasema mzungu, anambadilisha mwanawe na mtoto wa bwana wake ili asije akauzwa kusini, na wanakua hivyohivyo bila mtu kushtuka mpaka alama za vidole zinamuumbua mwana wa Roxy mahakamani. Bwana bandia kaua mtu, kafungwa maisha, mara wadai wa yule bwana wake Roxy wanakuja juu, huyu ni mali, mali haifungwi jela, gavana anamsamehe fasta ili auzwe! Mrithi halali naye hajui kusoma wala kuandika, anaongea kitumwa, sebuleni kwa wazungu anatetemeka, amani anaipata jikoni tu, na kule kanisani roshani ya watumwa aliyoizoea hawezi kuirudia tena.

Mchangiaji mwingine: Si wote wamerudishwa palepale tu? Sioni tofauti.

Mtoa mada: Wamerudishwa, ila hapa huwezi kushangilia. Yule wa London unatoka unatabasamu. Haya nitajieni kitabu cha zama hizo ambapo aliyechukua nafasi ya tajiri anabaki nayo bila kuaibishwa, nifute mada.