Tupeane uzoefu: kikoba, mchezo au chama kilivyokubeba mjini (au kilivyokuangusha)

Fundi wa Charambe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Jumamosi kikoba chetu kimevunja, yaani tumegawana akiba ya mwaka. Nipo Mbagala Charambe, nashona nguo, huu ni mwaka wangu wa sita kikundini. Sisi huvunja Juni, maana Desemba kila kibaka anajua vikoba vinagawana. Sanduku lina makufuli matatu, funguo wanashika watu watatu ambao si viongozi, na mwenye ufunguo wa tatu alikuwa Kilwa msibani. Ikabidi ufunguo upande basi. Watu 25 tumekaa kwenye mkeka toka saa nne asubuhi, pilau imepoa, sanduku tunalitazama tu. Saa tisa ndiyo likafunguliwa.

Kwetu hisa ni 5,000, mtu ananunua moja hadi tano kwa wiki. Juu yake 1,000 ya mfuko wa jamii, hiyo haikopeshwi. Ni ya msiba, ugonjwa, maji yakiingia ndani. Mkopo ni mara tatu ya akiba yako, riba asilimia 10, unarejesha kwa miezi sita.

Mwaka wangu wa pili, Desemba, mume wangu akagongwa na gari. Miezi saba hafanyi kazi. Nilikuwa nimejibana hisa tano kila wiki kwa wiki 24, yaani 600,000, nikakopa 1,800,000. Hospitali ikala laki nane. Kodi ya miezi sita 480,000, kwa sababu baba mwenye nyumba wangu hajui habari za mwezi mmoja mmoja. Iliyobaki nikanunua ovaloki ya mtumba. Wengi walinisema kwamba mgonjwa yuko kitandani mimi nanunua cherehani. Januari sare za shule zikaja, ile ovaloki ndiyo ikalipa deni, 330,000 kila mwezi mpaka Juni.

Sasa tunaanza mzunguko mpya na kuna mvutano. Wengi wanataka hisa iwe 10,000, mikopo ikue. Lakini tunaye mama anayeuza karanga stendi, huyo hisa moja ya 5,000 ndiyo pumzi yake yote. Kura ni Jumapili. Nipeni uzoefu wenu kabla sijanyoosha mkono. Ya uongo na ya kusimuliwa kaeni nayo, nataka yaliyokukuta mwenyewe.

Kijiwe Tabata

Mkuu, sisi bodaboda tulikuwa na mchezo wa kila siku, 3,000 kila mtu, watu 20. Kila jioni mmoja anapokea 60,000. Unajua namba yako, unapanga mambo yako. Pembeni tunachanga 500 ya dharura. Pikipiki yangu ilikuwa ya mkataba, unamlipa bosi hesabu mpaka chombo kiwe chako, na hesabu hiyo haina mafua wala malaria. Nilipovunjika mguu, kijiwe kikalipa hesabu yangu wiki tatu nzima. Bila hivyo bosi angechukua chombo, na miezi tisa niliyokwisha lipa ingekuwa hasara yangu.

Baadaye tukanogewa. Tukasema ile ya dharura tusiigawe, tuiache ikue. Akashika mmoja, kwenye simu yake, kwa jina lake. Ilipofika milioni na nusu simu ikawa haipatikani, na chumba alichopanga keshahama. Tumefika polisi, swali la kwanza: katiba yenu iko wapi? La pili: daftari? Tukabaki kutazamana kama kuku wa kuchinjwa.

Mama Lishe Ilala

Pole mwanangu. Ndiyo maana mimi huwaambia vijana wasajili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka vikundi kama vyetu daraja la nne, na usajili unafanyika hapo hapo halmashauri kwa niaba ya Benki Kuu. Ukishasajili una katiba na una pa kusemea. Hela haitarudi yenyewe, lakini mwizi anatafutwa kwa jina.

Langu mimi ni la mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Hauna riba. Tulikuwa wanawake watano, wote tunapika. Tukaandika katiba, tukafungua akaunti, tukapeleka mihtasari. Wakati tunasubiri, Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima, kwa sababu ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ilikuta hela nyingi hazirejeshwi na vikundi vingine havionekani vilipo. Sawa, walikuwa na haki ya kusimamisha. Ila vikundi hewa vilikula, na sisi tunaonuka moshi kweli ndio tukakaa njaa.

Ilipofunguliwa tena 2024 kikundi kikawa hakipo. Si kwamba tuligombana. Wawili ni wapangaji, kodi ilipandishwa, mmoja akahamia Chanika na mwingine Kivule. Barua ya utambulisho inatoka mtaa unaoishi, na wao mtaa wao sasa ni mwingine. Tukaanza upya kutafuta watu. Sensa ya 2012 Dar tulikuwa milioni 4.36, ya 2022 tukawa milioni 5.38. Hao milioni moja walioongezeka wote wanatafuta chumba, na mwenye nyumba analijua hilo kuliko mtu wa sensa. Karatasi zinadhani mtu wa hali ya chini anakaa sehemu moja. Wapi! Mwenye nyumba yake ndiye anayekaa sehemu moja.

Sina Muda

Vikoba ni majungu na sare za vitenge. Nilitoka, nina amani.

Fundi wa Charambe

Mkuu Sina Muda, majungu yapo, sikatai. Na sare mwaka huu tumeshona, mimi ndiye fundi, kwa hiyo kwenye hilo usinihesabu shahidi.

Mwalimu Gongo la Mboto

Naomba nisiwe mnafiki, maana hapa nimetumia jina la bandia. Mimi kikoba kilinizamisha, na hakuna aliyeiba.

Kikundi chetu kilikuwa cha watumishi, hisa 20,000, na usipoleta unapigwa faini mbele za watu. Mwezi mmoja mambo yakabana. Aibu ya kusema sina mbele ya wenzangu ikanipeleka kwenye mkopo wa kausha damu, ile ya mtaani yenye riba ya kuumiza. Laki mbili, kurejesha laki mbili na sitini kwa mwezi. Nikapeleka hisa, nikapigiwa makofi. Mwezi uliofuata nikakopa kwenye programu ya simu kulipa kausha damu. Ya simu ikaiva, nikakopa kikoba kulipa ya simu, na ya kikoba ikanirudisha kausha damu. Mnaona mzunguko ulivyo? Kwenye daftari nilikuwa mwanachama bora.

Siku niliyochelewa, wale wa programu wakatuma ujumbe kwa watu walio kwenye simu yangu kwamba mimi tapeli. Mkuu wa shule kapata. Shemeji kapata. Mzazi wa mwanafunzi kapata. Novemba 2024 Benki Kuu ilipotoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni nilisoma majina yote nikitafuta walionichafua. Wakati huo kochi na friji vilikuwa vimeshabebwa na yule wa kausha damu.

Kwa hiyo dada, kuhusu hisa kupanda: mama wa karanga usimhofie kwamba atatoka. Mhofie kwamba atabaki. Atakopa kwa mtu ili asionekane ameshindwa.

Kijiwe Tabata

Daah. Mwalimu, hili umelisema vizuri sana. Pole.

Zamani Jangwani

Nimesoma kimya, niweke na langu.

Mwaka 2011 tulikuwa tunakaa bondeni, Jangwani. Ile mvua ya Desemba ilikuja siku chache tu baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru. Usiku ule maji ya Msimbazi yalipanda haraka, watu wamelala juu ya mapaa. Sanduku la kikundi lilikuwa chini ya kitanda cha mweka hazina. Alivyohadithia mwenyewe, alikuwa na mikono miwili: mmoja mtoto, mwingine achague sanduku au daftari. Akachukua daftari, akaliweka kwenye kilemba. Wakamlaumu mwanzoni. Lakini hela sandukuni ilikuwa kidogo tu, nyingi ilikuwa nje kwa wakopaji, na bila daftari nani angekubali kwamba anadaiwa? Daftari liliokoa karibu akiba yote.

Kisha serikali ikatugawia viwanja Mabwepande, kule ndani ya Bunju. Kiwanja ni kiwanja, nashukuru, leo wanangu wana kwao. Ila mke wangu alikuwa anauza samaki wa kukaanga, wateja wake wote ni wa Kariakoo na Magomeni. Akawa anaondoka saa kumi alfajiri, nauli ya kwenda na kurudi inakula faida. Mwaka haujaisha akaacha. Kikundi nacho kikafa. Wengine walikuwa Mabwepande, wengine walirudi bondeni kimyakimya kwa sababu huko ndiko kuna hela. Watu wa nje wakawaona hawana akili. Mimi sikuwaona hivyo hata siku moja. Mtu akichagua kati ya maji yanayokuja mara moja kwa mwaka na njaa inayokuja kila siku, hesabu yake si ngumu.

Kitu kimoja tu kingetusaidia: kutuhamisha kama kikundi, jirani kwa jirani. Tulipangwa kwa orodha. Ukafika pale, unayemkopesha chumvi humjui jina.

Msee wa Kayole

Wakubwa, habari za huko. Mimi ni wa Nairobi, sisi tunaita chama. Tulikuwa kumi na wawili, wengi mafundi wa jua kali, tukachanga miaka mitatu tukanunua ploti Joska. Kila mtu yuko na furaha. Sasa cheti kikaandikwa jina la mwenyekiti, eti tutabadilisha baadaye. Mwenyekiti akafariki. Watoto wake hawatujui, na kwa karatasi shamba ni la baba yao. Tuko kortini mwaka wa pili. Watoto si wabaya pia, ningekuwa wao ningefanya hivyo hivyo. Andikisheni chama kwanza, ndio mnunue.

Mama Lishe Ilala

Baba wa Jangwani umenitoa machozi na hilo la kilemba.

Sina Muda

Swali la kweli, sitanii. Huyo mama wa karanga mkimuacha kwenye 5,000 na wengine waweke 50,000, si atakuwa anawafanyia wenzake kazi? Faida ya riba inagawanywa kwa hisa.

Fundi wa Charambe

Mkuu, faida inafuata hisa, ndiyo. Lakini mfuko wa jamii haufuati hisa. Alipofiwa na mjukuu alipata 150,000 ile ile ambayo angepata mwenyekiti. Huo mfuko ndio uliomweka kwetu. Mkopo hajawahi hata kuuomba.

Fundi wa Charambe

Mrejesho, wakuu.

Tumepiga kura jana. Hisa imebaki 5,000, ila kikomo kimetoka hisa tano hadi kumi kwa wiki, kwa hiyo wenye nazo wana nafasi yao. Nimeusoma ujumbe wa Mwalimu mbele ya kikao bila kutaja ulikotoka. Watu walinyamaza, na wanawake wawili wakaangalia chini. Faini ya kuchelewa hisa tumeifuta. Ya simu kuita kikaoni tumeibakiza, hiyo ndiyo inanunua soda.

Wanne wametoka kwenda kuanzisha cha kwao cha 20,000. Tumewapa mgao wao, hakuna ugomvi, ingawa mmoja hakunisalimia asubuhi.

Daftari sasa ni mawili, moja linalala nyumba nyingine, shukrani Zamani Jangwani. Ufunguo wa tatu tulimpigia kura mama wa karanga aushike. Amekataa. Kasema yeye stendi anasukumwa na wapiga debe kutwa nzima, ataupoteza. Kwa hiyo umerudi kwa yule yule, na Ijumaa anakwenda tena Kilwa, arobaini.